Nyambizi kubwa ya rimoti kwa faiba: bodi kavu au bodi inayoingia maji?

Anayeanza kujenga nyambizi ya rimoti yenye urefu wa mita moja na nusu au mbili huuliza kwanza habari za mota, betri na rangi. Hayo yote yanarekebishika baadaye. Kisichorekebishika ni uamuzi wa bodi: ndani iwe kavu kabisa, au maji yaachwe yaingie na kutoka? Ukishapaka rezini ya kwanza (ule utomvu unaoganda na nyuzi kuwa faiba) kwenye kalibu, umekwisha kuamua uzito utakaoubeba, ukubwa wa tangi la farumi (lile linaloingiza na kutoa maji ili chombo kizame au kiibuke), mahali pa kukata bodi, na hata kama utaweza kuishusha majini peke yako. Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye bodi, na mengine nitayagusa kadiri yanavyohusiana nayo.

Mifano yangu ni nyambizi mbili za kweli. Ya kwanza ni Type VIIC ya Ujerumani, ya Vita vya Pili vya Dunia: urefu mita 67.1, upana mita 6.2, tani 769 ikiwa juu ya maji na tani 871 ikizama. Za aina hii zilijengwa zaidi ya 500, na ndugu yake wa karibu, U-995, amewekwa ufukweni Laboe, jirani na Kiel, ambapo mjenzi anaweza kumtazama kila upande. Ya pili ni Skipjack ya Marekani, iliyoingia kazini mwaka 1959: urefu mita 76.8, upana mita 9.6, rafadha (panga la kusukuma) moja tezini, yaani nyuma, na lile umbo la tone lililojaribiwa kwanza na Albacore, iliyoshushwa majini mwaka 1953. VIIC iliundwa ikimbie juu ya maji na izame inapolazimika. Skipjack iliundwa iishi chini. Tofauti hiyo inaingia hadi kwenye modeli.

Ukubwa kwanza

Urefu ukizidishwa mara mbili, uzito unazidi mara nane. Hiki ndicho kipimo cha VIIC katika skeli tatu zinazojengwa sana (1:72 maana yake urefu wa modeli ni sehemu moja ya 72 ya ule wa kweli):

| Skeli | Urefu | Uzito juu ya maji | Uzito ikizama | Maji ya kuingiza ili izame |
|---|---|---|---|---|
| 1:72 | sm 93 | kilo 2.1 | kilo 2.3 | lita 0.27 |
| 1:48 | m 1.40 | kilo 7.0 | kilo 7.9 | lita 0.92 |
| 1:32 | m 2.10 | kilo 23.5 | kilo 26.6 | lita 3.1 |

Hesabu hii nimeitoa kwenye tani za nyambizi yenyewe, nikazigawa kwa skeli iliyozidishwa yenyewe mara tatu. Sasa itazame Skipjack katika skeli ya 1:48. Urefu wake ni mita 1.60 tu, nusu mita pungufu ya VIIC ya 1:32, lakini kipenyo chake kinafika sentimita 20 kwenye sehemu nene ya mwili, na kwa kuwa ile ya kweli ilikaribia tani 3,500 ikizama, modeli inafika kilo 31 na zaidi. Urefu peke yake haukuambii lolote kuhusu mzigo. Angalia unene wa tumbo.

Ukubwa una faida ya kweli. Modeli kubwa hutulia, haiyumbishwi na kila kiwimbi, na huonekana vizuri ikiwa chini. Ndani yake mkono unaingia. Mwendo wake pia unapendeza: VIIC ilikimbia noti 17.7 (maili za baharini kwa saa) juu ya maji, na ili mawimbi ya omoni, yaani mbele, yafanane na ya ile ya kweli, modeli ya 1:32 inatakiwa kwenda kama mita 1.6 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Ikizama ni takriban mita 0.7 kwa sekunde. Chombo cha mita mbili hakigeuki kwenye bwawa dogo la hoteli, kwa hiyo kabla ya kupenda 1:32 jiulize utaiendeshea wapi. Kama usafiri wako ni daladala au matatu, 1:48 ya VIIC ndiyo mpaka wa busara. 1:32 inataka pikapu na mtu wa kushika upande wa pili.

Bodi kavu

Kila lita ya hewa unayoifungia ndani inadai kilo moja ya uzito ili chombo kizame. Hilo halina mjadala, na ndilo linalotawala bodi kavu. Ukiiziba VIIC ya 1:32 nzima, lazima ifike ile kilo 26 na zaidi, na kama umefunga hata nafasi ya chini ya sitaha, ambayo kwenye ile ya kweli huingia maji, uzito unapanda tena. Faiba, mota na betri havitafika huko. Kinachobaki unakijaza kwa madini ya risasi kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo. Unanunua uzito, kisha unaubeba kila safari.

Jambo la pili ni mgandamizo. Kina cha mita moja kinasukuma kila sentimita ya mraba kwa gramu 100. Inaonekana ndogo hadi upige hesabu ya mfuniko wa sitaha wa sentimita 30 kwa 20: hizo ni kilo 60 zimeukalia. Mfuniko bapa unapinda, raba yake inaachia pembeni, na maji yanapata njia. Ubavu wa bodi nao ukibonyea, chombo kinapoteza ujazo na kuwa kizito zaidi kadiri kinavyoshuka, kwa hiyo kinataka kuendelea kushuka. Dawa yake ni mataruma (mbavu) ya ndani, ya plaiwudi iliyopakwa rezini au ya faiba yenyewe, yakae karibu karibu. Nayo ni uzito, ingawa kwenye bodi kavu uzito huo ulikuwa unautafuta.

Kisha kuna hatari ya maji machache. Kikombe cha maji kilichovuja ndani ya bodi ndefu iliyo wazi kinakimbilia omo mara chombo kinapoinamisha pua, na kinazidi kuivuta chini. Vizuizi vya ndani vinasaidia, lakini ukivijenga vya kutosha umepoteza ile nafasi iliyokufanya uchague bodi kavu.

Pamoja na hayo, bodi kavu si chaguo baya. Ina nafasi kubwa ya kufanyia kazi, nyaya na vyuma vya kuendeshea mapezi havikai majini, na antena ndefu ya redio inalala ndani bila kuguswa na maji. Kwa umbo la Skipjack naipenda kwa dhati. Mwili wa duara unahimili mgandamizo kama bomba, na unaweza kuukata kwa kuuzunguka, ukaunganisha vipande viwili kwa pete yenye oringi (mpira wa duara wa kuzuia maji) na kufunga kwa kuzungusha. Mshono mmoja wa duara, oringi moja, grisi ya silikoni kidogo. Hakuna mfuniko bapa wa kupinda.

Bodi inayoingia maji

Hapa bodi ya faiba ni vazi tu. Ndani yake kuna silinda moja, mara nyingi ya polikaboneti angavu, yenye vifuniko viwili vya oringi. Humo ndimo mota, betri, kipokezi cha redio na tangi la farumi vinakaa. Kwingine kote maji hupita.

Fanya hesabu kwa ile VIIC ya 1:32. Silinda ya kipenyo cha sentimita 11 na urefu wa sentimita 70 ina ujazo wa lita 6.6 hivi. Yaliyomo ndani yake na farumi yake yatakuwa na uzito wa karibu hapo, ukiongeza na faiba ya bodi unabeba takriban kilo kumi badala ya 26. Lakini chombo kikishakuwa majini, maji yaliyo ndani yanakwenda nacho, kwa hiyo hakipotezi ule utulivu wa chombo kikubwa: kinachelewa kushika mwendo, kinachelewa kusimama, kinageuka kwa heshima. Mzigo unakaa ziwani, wewe unarudi nyumbani na silinda na ganda lake. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote.

Faida ya pili iko kwenye tangi. Kwenye bodi inayoingia maji, tangi linainua kile tu kinachotokeza juu ya mstari wa maji: ganda la juu, sitaha, mnara, mizinga. Tuseme vyote hivyo vina uzito wa kilo 1.6 na ni vya faiba, ambayo kwa ujazo uleule ina uzito wa kama mara 1.6 ya maji. Ujazo wake ni lita moja, na tangi la lita moja na kidogo linatosha, badala ya zile lita tatu. Kwa hiyo kila gramu unayoipunguza juu ya mstari wa maji inapunguza pia ukubwa wa tangi. Jenga sitaha nyembamba. Usimwage puti kwenye mnara.

Kazi yake ngumu ni kupitisha maji na hewa. Hewa iliyonaswa chini ya sitaha hufanya chombo kigome kuzama, kisha hutoka ghafla kikiwa kimekwisha kuinama, nacho kikashuka kuliko ulivyotaka. Toboa matundu madogo sehemu za juu kabisa, pamoja na kilele cha mnara. Wakati wa kuibuka tatizo linageuka: maji yaliyobaki juu, kwenye sitaha na mnara, ni uzito uliokaa mahali pabaya, na chombo kinaweza kulala ubavu kabla hayajamwagika. VIIC ina bahati, kwa sababu ile ya kweli ina safu za matundu ubavuni. Yafungue yote, usichore kwa rangi. Skipjack ina ngozi laini, itabidi uyafiche karibu na mkuku.

Usawa wake unapangwa kwa vitu viwili. Risasi ikae chini kabisa, na povu gumu lisilonyonya maji likae chini kidogo tu ya mstari wa maji. Povu likipanda juu ya mstari huo, umejiongezea kazi ya tangi. Likishuka mno, chombo kitapenda kupinduka.

Ukiitazama VIIC yenyewe utaona sababu ya yote haya: ndani yake kulikuwa na bomba la kuhimili mgandamizo lenye kipenyo cha mita 4.7, na sitaha na ubavu wa nje vilikuwa vazi linaloingia maji. Kuijenga modeli yake kwa silinda ni kufuata alichofanya mhandisi. Kuiziba nzima ni kupigana na umbo lake.

Mahali pa kukata

Nitapita haraka. VIIC hukatwa kwa mlalo, kufuata mstari wa maji, na mshono unafichwa na mpaka wa rangi mbili. Skipjack yenye bodi kavu hukatwa kwa duara. Skipjack inayoingia maji ni vizuri ikatwe kwa mkato wa Z: mlalo kwa urefu mwingi, kisha mkato unapanda karibu na omo na kushuka karibu na tezi, ili omo na tezi zibaki vipande vizima. Kwa njia hiyo mapezi ya nyuma hayaguswi unapoitoa silinda.

Poliesta au epoksi

Mafundi wa boti za faiba Dar es Salaam, Unguja na Mombasa wanafanya kazi na rezini ya poliesta na mkeka wa nyuzi za kioo. Kama unaye fundi jirani, una mwalimu na duka la vifaa kwa pamoja, na hilo si dogo. Poliesta ni nafuu, inaganda upesi, na inakubali jelikoti, ile tabaka ya kwanza inayotoa uso laini kutoka kwenye kalibu. Inanywewa sana na mkeka: kwa uzito, rezini mara mbili na nusu ya mkeka ni kawaida. Mkeka wa gramu 450 unatoa unene wa kama milimita moja kwa tabaka. Kwa bodi kavu ya Skipjack, ambako uzito hauogopwi na ugumu unatakiwa, poliesta na mkeka ni jibu zuri.

Inasinyaa, hata hivyo, kuliko epoksi, ile rezini ya pili. Kwenye boti ya uvuvi hakuna anayeona. Kwenye ganda la mita mbili linalotakiwa kukutana na mwenzake bila mwanya, unaona. Acha kipande ndani ya kalibu siku kadhaa, usikitoe kikiwa na joto.

Epoksi ni ghali, inataka kipimo sahihi cha sehemu mbili, na haikusamehe ukikosea uwiano. Kwa kitambaa cha kufumwa, rezini na kitambaa hukaribiana uzito, ndiyo maana ganda linatoka jepesi na imara. Kwa bodi inayoingia maji, hasa nusu ya juu, sioni sababu ya kutumia kingine kama fedha ipo. Usiitie kwenye mkeka wa kawaida wa poliesta: gundi inayoshika nyuzi za mkeka huo huyeyushwa na stairini iliyomo ndani ya poliesta, epoksi haina, kwa hiyo mkeka unabaki mgumu na hauingii kwenye kona.

Kuna mpangilio mmoja wa kukumbuka. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta iliyopigwa msasa, lakini poliesta juu ya epoksi haiaminiki. Kwa hiyo bodi ya poliesta unaweza kuiwekea mataruma na viungo kwa epoksi, kinyume chake usijaribu. Na kama kiolezo chako (umbo la kwanza linalotolewa kalibu) umekichonga kwa stairofomu, poliesta itakila. Kifunike kwanza kwa epoksi.

Joto la pwani linabadilisha kazi. Kwenye nyuzi 30 na zaidi poliesta huganda brashi ikiwa bado mkononi. Shuka kwenye hadna (dawa ya kugandisha) ya asilimia moja, si chini ya hapo, na anza alfajiri. Epoksi ukiiacha kwenye kopo inajipasha moto yenyewe, hivyo imwage kwenye sinia pana. Vaa miwani unapopima hadna ya poliesta, maana tone moja linaweza kuharibu jicho kabisa, na usiichanganye kamwe moja kwa moja na dawa ya kobalti, ile ya kuharakisha kuganda, kwa sababu hulipuka. Epoksi haina harufu kali lakini ngozi ikishaikataa haiizoei tena. Glavu kila mara.

Kuhusu kununua ganda lililo tayari au kuchonga kiolezo na kutengeneza kalibu yako: kiolezo na kalibu ni zaidi ya nusu ya kazi yote. Ni kazi yenye maana ikiwa mko wajenzi watatu au wanne mtakaotumia kalibu moja, au ikiwa nyambizi unayoitaka haiuzwi. Kwa modeli moja ya VIIC, nunua ganda.

Redio inaamua maji

Rimoti nyingi zinazouzwa leo ni za gigahezi 2.4, na mawimbi hayo hufa baada ya sentimita chache ndani ya maji. Kwa kuzamia kweli unahitaji masafa ya chini: megahezi 40 hutumika Ulaya, 75 Marekani, na zile za zamani za 27. Hayo hupenya mita kadhaa kwenye maji yasiyo na chumvi. Kwenye maji chumvi hayapenyi, kwa kuwa chumvi inayafanya maji yapitishe umeme na kumeza mawimbi. Aliye Tanga au Malindi ana bahari mlangoni, lakini nyambizi yake itahitaji bwawa au ziwa. Uliza pia mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kabla ya kuagiza redio ya masafa hayo.

Kwenye bodi inayoingia maji, waya wa antena unaotoka nje ya silinda lazima ncha yake izibwe kabisa. Shaba ikigusa maji, umbali unaanguka.

Farumi: nani anainua chombo

Tangi la pistoni, ambalo kampuni ya Engel ya Ujerumani imelifanya lijulikane, huvuta na kusukuma maji kama bomba la sindano. Unaweza kusimama kwenye kina unachotaka, na betri ikiwepo unazama na kuibuka bila kuhesabu. Lakini pistoni ikirudi nyuma inaibana hewa ya ndani ya silinda: ukiingiza lita moja kwenye silinda yenye lita tano za hewa, hewa hiyo inabaki na lita nne, na oringi zako zinasukumwa kutoka ndani. Kwenye bodi kavu yenye hewa nyingi hilo halisikiki. Pistoni na bodi kavu vinapatana.

Gesi iliyoshindiliwa kwenye kopo husukuma maji nje ya tangi kwa nguvu na upesi, na mtambo wake ni vali tu. Gesi ikiisha, mchezo umekwisha. Kwa bodi inayoingia maji ni nyepesi na nzuri kwa dharura.

Njia ya tatu ni pampu ndogo inayochukua hewa ya silinda na kuijaza kwenye mfuko wa raba ulio nje, ndani ya bodi. Mfuko ukivimba chombo kinaibuka. Hewa ikirudi kinazama. Haiishiwi gesi na ni rahisi kujenga, ila ikiwa juu silinda inabaki na upungufu wa hewa, hivyo tundu lolote dogo linavuta maji ndani. Kwa VIIC ya 1:48, ndiyo ningeanza nayo.

Kuna pia wasioweka tangi kabisa. Chombo kinaachwa kielee kidogo, kisha mapezi na mwendo vinakizamisha. Skipjack inaweza hivyo vizuri sana, na mota ikizimika inarudi juu yenyewe. VIIC inaonekana vibaya ikizama hivyo, kwa sababu haina kasi ya kutosha chini.

Kwa njia tatu za kwanza, weka kipokezi kiamrishe tangi litoe maji mara mawimbi yanapopotea au betri inapofifia. Lipime hilo kwenye kina ambacho mkono unafika, kabla hujapaka rangi: zamisha chombo, kitulie, zima rimoti, na usubiri. Kisipoibuka chenyewe, rudi kwenye silinda.